Feni au Maji: Kupoza Prosesa Ukiwa Itungi

Kama kompyuta yako iko Itungi, Kyela mjini, Matema au popote kwenye ukingo huu wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, na unajiuliza prosesa uipoze kwa feni au kwa maji, jibu langu ni feni. Nalitoa mapema kwa sababu hela ya kununulia kompyuta huku hutoka kwenye mpunga na kakao, na si haki iishie kwenye pampu ambayo ikifa hakuna wa kuifungua. Wapo wachache ambao kipoza cha maji kitawafaa, na nitafika kwao. Wewe soma kwanza ujue hali ya hapa inabadilishaje hesabu, kisha uamue na mfuko wako.

Joto huenda wapi

Prosesa hugeuza karibu umeme wote inaoutumia kuwa joto. Core i5-12400 imeandikwa wati 65, lakini ikipewa kazi nzito hupanda hadi wati 117. Core i9-14900K imeandikwa wati 125 na inaweza kufika 253. Joto lote hilo linatoka kwenye kipande cha silikoni chenye upana wa sentimita moja na ushee. Lisipoondolewa haraka, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Za Intel hufanya hivyo zikikaribia nyuzi 100, Ryzen 5 5600 ikifika 90, na Ryzen nyingi za mfululizo wa 7000 zikifika 95. Ukiona kompyuta inakwenda vizuri asubuhi halafu saa nane mchana inaanza kukokota kazi ileile, anzia hapo kabla hujalaumu virusi.

Angalia pikipiki ya bodaboda: silinda yake ina mapezi, upepo unapita katikati yake, yamekwisha. Kosta inayopanda Mbeya ina pampu, maji yanayozunguka na rejeta. Zote mbili, joto la injini huishia kwenye hewa ya barabarani. Kwa prosesa mambo ni yaleyale. Kipoza cha feni ni bamba la shaba linalokaa juu ya prosesa, mabomba membamba ya shaba, mapezi ya alumini na feni moja au mbili. Kipoza cha maji kina kichwa chenye pampu, mipira miwili, na rejeta yenye feni zake mbili au tatu. Kumbe hata ukinunua maji, feni umenunua vilevile.

Maji ni mbebaji hodari wa joto. Ukilinganisha ujazo uleule, maji hubeba joto karibu mara 3,500 ya hewa kwa kupanda nyuzi moja. Kwa hiyo yanaweza kulichukua joto kutoka sehemu iliyobanana na kulipeleka kwenye rejeta pana pembezoni mwa kasha. Lakini rejeta nayo inalitoa kwenye hewa ya chumba chako. Hakuna kati ya vipoza hivi viwili kinachoweza kuishusha prosesa chini ya joto la chumba, hata nyuzi moja. Isitoshe, kipoza kizuri cha feni nacho kina maji: ndani ya yale mabomba ya shaba kuna matone machache yaliyofungiwa bila hewa. Yanachemka upande wa prosesa, mvuke unakimbilia kwenye mapezi, unageuka kuwa maji tena na kurudi chini. Pampu haihitajiki, na hakuna mpira wa kuvuja.

Sasa chukua joto la Kyela. Ziwa letu liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, wakati Tukuyu iko kwenye mita 1,500 hivi na Mbeya mjini kwenye 1,700. Mtu wa Mbeya mwezi wa saba anavaa sweta. Wewe chini ya bati, mwezi wa kumi na moja, chumba kina nyuzi 33. Vipimo unavyoviona kwenye video za YouTube kwa kawaida hufanywa kwenye chumba cha nyuzi 20 hadi 22. Kipoza kilichoonyeshwa kikiiweka prosesa nyuzi 68 kwenye chumba cha nyuzi 21, kwako kitaiweka kwenye 80, kwa sababu kinachodumu ni tofauti kati ya prosesa na chumba. Kila namba unayoiona, ongeza 12 ndipo ufanye uamuzi. Hesabu hiyo ni ya feni na ya maji pia, na mara nyingi dari ya jipsamu au madirisha mawili yanayotazamana yatakupunguzia nyuzi nyingi kuliko kipoza cha bei kubwa.

Kinachoziua mashine za huku

Kyela ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Unyevu wa namna hiyo hauiharibu prosesa moja kwa moja. Kazi yake ni kulishika vumbi. Vumbi la Dodoma ni kavu, ukipuliza linaruka. La huku linalowana, linashikana na kuwa tandiko la kijivu kwenye mapezi, na feni inabaki kupuliza ukuta. Tuna bahati moja ambayo watu wa Tanga na Unguja hawana: ziwa letu halina chumvi, hivyo alumini haiozi upesi kama inavyooza pwani ya bahari.

Halafu kuna kungu, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoruka. Wingu lao likipanda ziwani, mgeni hudhani kuna kitu kinaungua majini. Hawaumi, na kandokando ya ziwa hili wapo wanaowakusanya, kuwatwanga na kuwapika. Kwa kompyuta lakini ni balaa, kwa sababu wanafuata mwanga. Kasha lenye kioo ubavuni na taa za rangi, likiwa limewashwa usiku dirisha likiwa wazi, linawaita. Feni inawavuta, wananata kwenye mapezi, unyevu unawagandisha, na vumbi la wiki inayofuata linakaa juu yao. Rejeta ya kipoza cha maji huwa na mapezi yaliyobanana sana, nafasi kati ya moja na jingine ikiwa milimita moja na kidogo. Kipoza cha mnara cha feni kina nafasi inayokaribia milimita mbili. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua nani anaziba kwanza, na rejeta huziba kwanza. Tena rejeta imefungwa nyuma ya feni zake, huioni mpaka ufungue skrubu nane au kumi na mbili.

Kwa hiyo taa za rangi zizime usiku. Mbele ya kasha, panapoingia hewa, funga kipande cha neti ya dirisha, ile ya mbu, na ukioshe kila kikichafuka. Soksi ndefu za kike hunasa wadudu vizuri kuliko neti ila huubana upepo, kwa hiyo zitumie tu kama feni zako zina nguvu. Matundu ya nyuma yaliyoachwa wazi baada ya kadi kutolewa yazibe, maana mjusi akiingia kwenye pawa saplai hatoki, na mara nyingi huiua nayo. Kompyuta ikae mezani. Sakafuni kuna vumbi mara mbili, na mwezi wa nne kuna mafuriko.

Kama mashine yako ni ya ofisini, iliyotumika

Kompyuta nyingi za steshenari, shule na ofisi za huku ni Dell OptiPlex na HP EliteDesk au ProDesk zilizokuja zikiwa zimetumika. Kama yako ni mojawapo, suala la maji limeisha. Rejeta haiingii kwenye kasha, na prosesa zake nyingi haziihitaji: Core i5-3470 ni wati 77, i5-4570 ni 84, i5-6500 ni 65. Unachohitaji ni usafi na pesti mpya ya prosesa, na kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe mchana mmoja.

Ile pesti iliyoko kati ya prosesa na bamba la kipoza hukauka kwa miaka. Mashine ya mwaka 2014 ambayo haijawahi kufunguliwa ina chokaa pale palipokuwa na ulaini, na chokaa hiyo huzuia joto kupita. Zima, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache umeme uliobaki uishe, kisha beba kasha nje kwenye kivuli. Toa vumbi kubwa kwa brashi laini ya rangi, ukizishika panga za feni kwa kidole zisizunguke. Feni ikizungushwa kwa nguvu na blowa huchoka beringi. Blowa ndogo ya umeme inafaa. Kompresa ya gereji usiikaribie, kwa sababu inatema maji na mafuta pamoja na hewa.

Kabla ya kung'oa kipoza, kama mashine ni Ryzen ya soketi ya AM4, iwashe kwanza dakika kumi ipate moto, zima, kisha kizungushe kipoza taratibu kushoto na kulia huku ukikiinua. Pesti baridi inashika mno. Ukivuta tu, prosesa inachomoka nacho kutoka kwenye soketi, na pini zake zikipinda utazinyoosha kwa sindano na jicho la subira, kama hazijakatika. Za Intel hazina hatari hiyo kwa sababu hushikwa na fremu ya chuma. Kwa hizo, angalia zile pini nne za plastiki za kipoza cha kawaida. Zikishazeeka huvunjika, na pini moja ikilegea kipoza kinakaa upande na joto linapanda bila wewe kuona sababu.

Futa pesti ya zamani kwa kitambaa cha pamba na spiriti ya duka la dawa, ya asilimia 70 au zaidi na isiyo na mafuta. Sanitaiza ya jeli haifai. Subiri ikauke kabisa. Weka pesti mpya katikati, kiasi cha punje ya mbaazi, na usiipake kwa kidole. Kipoza chenyewe kitaitandaza kikishuka. Kaza skrubu kwa kukatisha, kona hii na ile iliyo mkabala nayo, kidogo kidogo mpaka zote zishike. Kama ni lazima kununua feni mpya, mpelekee muuza duka feni ya zamani mkononi. Muulize, "Kaka, unayo ya saizi hii na plagi hii?" Baadhi ya Dell zina plagi ya pini 5, nyingine nyingi zina 4, na feni yenye plagi tofauti itakuletea ujumbe wa hitilafu kila ukiwasha.

Ukinunua mpya

Prosesa za wati 65 kama Ryzen 5 5600 na Core i5-12400 za boksi huja na kipoza chake. Kinatosha kwa kuchapa, kudurufu, mahesabu na intaneti, hata huku Kyela. Kwa studio ya muziki, kuhariri video za harusi au kucheza gemu, ongeza kipoza cha mnara chenye feni ya milimita 120. Cooler Master Hyper 212 ni ya siku nyingi na inajulikana. Thermalright Peerless Assassin 120 ina minara miwili na feni mbili, na kwa bei yake sijui kinachoishinda. Kabla ya kulipa, pima urefu wa kipoza na upana wa kasha, kwani minara mingi hufika milimita 155 hadi 165 na makasha membamba hayafungi ubavu.

Ninaipenda feni kwa namna inavyokufa. Huanza kulia, unaisikia siku nyingi kabla haijasimama. Ikisimama, mapezi bado yanatoa joto kiasi, na kwa kazi nyepesi unaweza kumaliza barua ya mteja kabla hujaizima. Feni ya milimita 120 unaipata Mbeya, unaifunga kwa vishikizo viwili, na kipoza kilekile kinaendelea miaka mingine kumi. Pampu ya kipoza cha maji ikifa, prosesa inapanda hadi kikomo ndani ya dakika chache na mashine inazima. Vipoza vingi vya maji vimefungwa kiwandani: maji hupotea taratibu kupitia kwenye mipira yenyewe, na huwezi kuyaongeza. Kampuni nzuri hutoa dhamana ya miaka 5 au 6, lakini jiulize dhamana hiyo utaidai wapi ukiwa Itungi.

Wanaofaa kutumia maji

Kama unaendesha Core i9 au Ryzen 9 kwa saa nyingi mfululizo, prosesa yote ikifanya kazi, kwa mfano kutoa katuni za 3D au kubadilisha video ndefu, wati zaidi ya 200 kwenye chumba cha nyuzi 33 zitaushinda mnara wa feni. Hapo rejeta ya milimita 360 ina maana. Hata hivyo jaribu kwanza hili: ingia BIOS upunguze kikomo cha wati. Ryzen zina mpangilio wa kubana matumizi, na Intel hukuruhusu kuweka kikomo, tuseme 125. Wati za mwisho za prosesa hizi huleta kasi kidogo sana kwa joto jingi. Utapoteza muda kidogo kwenye kila kazi, na kama unatumia sola na inveta, betri itaonyesha tofauti. Wacheza gemu nao wakumbuke kwamba kadi ya picha ndiyo inayotoa joto kubwa, na kipoza cha maji cha prosesa hakiigusi.

Ukishaamua maji, rejeta ifunge juu ya kasha, au mbele, mradi sehemu yake ya juu izidi pampu kwa kimo. Hewa iliyomo ndani hupanda. Ikikusanyika kwenye pampu utasikia kububujika, na pampu haitadumu. Hofu ya wengi kwamba mipira itatoa jasho kama chupa ya soda haina msingi, kwa kuwa maji hayo siku zote yana joto kuliko chumba. Hofu ya kuvuja ndiyo yenye msingi. Apple walitoa Power Mac G5 iliyopozwa kwa maji mwaka 2004, na baadhi ya mashine hizo zilikuja kuvuja na kuharibika ndani. Vya sasa ni imara zaidi, lakini kila baada ya miezi michache vua ubavu, pitisha kitambaa cheupe kwenye maungio ya mipira, na uangalie kama kuna unyevu wa kunata.

Wanaojiundia mfumo wao wa mipira na tangi wasitie maji ya ziwa wala ya kisima, hata yakiwa masafi machoni. Yana madini na mbegu za mwani. Wengine hukimbilia maji ya betri. Dukani yako ya aina mbili, yale yaliyokenekwa ya kuongezea, na asidi, na chupa zake zinafanana; soma lebo mpaka mwisho. Rejeta ya alumini usiiunganishe na kichwa cha shaba, kwa sababu madini hayo mawili yakikutana majini moja hulila jingine.

Je, ziwa lenyewe haliwezi kutusaidia?

Vijana wa huku huuliza hivyo, na ni swali zuri. Toronto nchini Kanada wanafanya: tangu mwaka 2004 wanavuta maji ya Ziwa Ontario kutoka kina cha mita 83, yakiwa na nyuzi 4 hivi, na kwa ubaridi huo wanapoza majengo ya katikati ya jiji. Kompyuta kubwa za akili unde nazo sasa zinapozwa kwa maji, kwa kuwa kabati moja la GB200 NVL72 la Nvidia hutumia kiasi cha kilowati 120, na feni haziwezi kulitoa joto hilo kutoka nafasi ndogo vile. Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 hivi, mara nyingi zaidi ya pale wanapochota Toronto. Lakini ni ziwa la nchi za joto: hata chini kabisa maji yake yana nyuzi kama 22 au 23, na juu hufika 28. Kwa jengo la mitambo mikubwa ufukweni, maji ya nyuzi 23 ni mali, na ningependa siku moja kuona wahandisi wetu wakilifanyia hesabu. Kwa prosesa moja ya wati 65, gharama ya bomba, pampu na chujio haitarudi kamwe.

Njiani

Kompyuta nyingi zinazofika huku hutoka Kariakoo kwa basi, zaidi ya kilomita 900 mpaka Kyela, na nyingine huendelea kwa meli kutoka Itungi au Kiwira kwenda Lupingu, Manda, Liuli na Mbamba Bay. Mnara mkubwa wa feni unaweza kuzidi kilo moja, na ukiwa umening'inia kwenye mazabodi iliyosimama, kila tuta linaivuta bodi. Mwambie muuzaji auvue na kuufunga peke yake. Akikataa, kasha lilazwe ubavu ili mnara usimame wima, na ndani lijazwe sponji. Kipoza cha maji ni chepesi kwenye bodi, lakini baada ya safari kisimamishe wima saa kadhaa kabla ya kuwasha, hewa ipande kwenye rejeta.

Na kama mzigo umelala Mbeya mwezi wa sita au wa saba, ukashuka nao asubuhi kwenye unyevu wa Kyela, usiufungue hapohapo. Chuma baridi kikikutana na hewa ya ziwani hulowana ndani na nje. Uache boksi limefungwa mpaka jioni, ndipo ulifungue, uiwashe kompyuta, uweke programu ya HWiNFO au Core Temp, na uipe kazi nzito ya nusu saa. Ikikaa chini ya nyuzi 85, funga ubavu. Ikizidi 90, zima na ufungue kipoza, na mara nyingi utakuta karatasi ya plastiki ya kiwandani bado imebandikwa chini ya bamba.